Mafuta Mazuri

Mumewe alipomuuliza daktari kasemaje, fundi cherehani wa mtaani kwetu alijibu maneno mawili tu: "Mafuta mazuri." Kueleza kwamba amepewa dawa za sonona, na kwamba mafuta ya samaki na karanga huenda yakausaidia ubongo, kulimshinda kuliko kushona suti.

Mafuta ni mengi: ya kula, ya taa, ya kujipaka. Mume, mwana wa watu, akatoka mbio, akarudi na kichupa cha mafuta ya cherehani. Akayatia mwenyewe.

"Jaribu, mama watoto. Itateleza kama kambale!"

"Asante."

Akakanyaga. Shuka zima likapita chini ya sindano, kimya kabisa. Mume akaliinua alisifie.

"Mbona sindano haina uzi?"

"Haina?" akauliza mkewe, na mguu ukaendelea kukanyaga.