Baba Mdogo, Mkwe na Herufi N Iliyopotea

Jamani, msicheke mpaka nimalize.

Mgeni wetu alikaa sebuleni kidogo tu, akasimama, akakumbatia mkoba wake na kushika njia ya mlangoni. Uchumba wa mdogo wangu nao ukawa unatoka naye.

Aliyemfukuza hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na sarufi.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa kike alipata mchumba, fundi wa lifti, mpole kupita maelezo. Kwao wanazungumza Kihispania. Yeye Kiswahili kilishamkaa, lakini mama yake, mjane, hakijui. Na mama huyo alikuwa anakuja kututazama kabla ya kutoa baraka.

Baba mdogo akasikia. Balaa likaanzia hapo.

Baba mdogo ni fundi wa friji, hajaoa, na hakuna kitu duniani asichokijua. Kihispania alikuwa anajifunza kwenye simu. Akatukusanya karakanani kwake, katikati ya friji zilizofunguliwa migongo, akaanza darasa.

"Kihispania ni Kiswahili kilichogeuzwa. Sisi nasema, unasema, anasema: kinachobadilika ni kichwa. Wao hablo, hablas, habla: unaotingishika ni mkia. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," tukadanganya.

"Halafu kila kitu kina jinsia. Kijiko mwanamke, la cuchara. Kisu mwanamume, el cuchillo."

Mama akadakia, "Ndiyo maana changu ni butu, kimelala tu kwenye droo."

"Shemeji, usinivurugie darasa! Sasa, wenzetu wana 'kuwa' mbili. Ser ni vile ulivyo. Estar ni hali uliyo nayo sasa hivi. Ukizichanganya, umekwisha."

Alisema mwenyewe. Kwa mdomo wake.

Siku ikafika. Mgeni alitua salama, begi lake likapotelea njiani. Wachumba wakamwacha kwetu, wakarudi uwanja wa ndege kulifuatilia.

"Nendeni tu, mimi si nipo," akasema baba mdogo, tai imemkaba mpaka macho yamemtoka.

Mgeni wa watu akaona jasho linamchuruzika, akamuuliza kitu kwa upole. Baba mdogo akataka kusema amechoka kidogo.

"Estoy casado."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Baba mdogo akapata moto. Akaonyesha picha ya mdogo wangu ukutani, akabusu vidole vyake.

"Ella está buena. ¡Muy buena!"

Mgeni uso ukabadilika. Baba mdogo akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

Ndipo mkoba ukakumbatiwa.

Mlangoni akagongana na mwanawe, mdogo wangu na begi. Akamwaga Kihispania kama mvua juu ya bati.

Mdogo wangu, ambaye Kihispania alishafundishwa na mchumba wake, akageuka. "Baba mdogo! Umemwambia una mke, halafu ukasema mimi nina umbo la kutamanisha?"

"Haki ya Mungu, nimesema nimechoka! Na kwamba wewe ni mwema!"

"Kuchoka ni cansado, ina n katikati. Casado ni mtu aliyeoa! Na wema ni es buena. Hiyo está buena yako ni ya vijiweni!"

Mama yangu alikuwa anaikagua sakafu, aone pa kutumezea.

Kijana akamweleza mama yake. Mgeni akamtazama baba mdogo. Akaweka mkoba chini, akajinyoosha, akatoa sentensi pekee ya Kiswahili aliyoikariri kwa ajili yetu.

"Nimefurahi sana kuwaoa nyote."

"Sote?" mama yangu akashtuka.

Baba mdogo ndiye aliyeangua kicheko. Akamsogelea. "Kuwaona. Ina n."

Alipotafsiriwa, mgeni naye akamnyooshea kidole. "Cansado. N."

"Kuwaona."

"Cansado."

Wakaendelea hivyo kama watoto wa chekechea, sisi wengine tumeshasahaulika.

Harusi ilikuwepo, nami nilivaa suti.

Ila haikuwa ya mdogo wangu. Yeye na fundi wa lifti waliachana kabla ya kadi kuchapishwa. Wote wawili walizijua lugha zote mbili, kwa hiyo kila neno chungu lilifika likiwa zima. Ulisema. Ungesema. Usingalisema. Hakuna kisahani kilichopona.

Aliyeoa ni baba mdogo. Anaishi na yule mama mjane nyuma ya karakana, na sijawahi kuwasikia wakigombana.

Nikamuuliza siri yao. Akaacha kukaza skrubu.

"Mwanangu, mimi kwa lugha yake na yeye kwa yangu tunajua wakati uliopo tu. Uliopita hatujaufikia. Sasa ugomvi wa jana utauanzia wapi?"

Kwa hiyo funzo, ndugu zangu, hasa wenye ndoa na wasomi: kitabu cha sarufi si lazima ukimalize.