Bomba Nililokata Siku Elia Anaondoka

Mpaka leo naikumbuka siku ile, mwanangu, na nikiikumbuka moyo unanienda mbio kama bado mimi ni binti. Nilikuwa fundi wa maabara katika kiwanda cha alizeti, Singida mjini. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, maduka yamefurika vitu, na kiwanda chetu cha umma kimeuzwa kwa mtu binafsi. Tajiri mpya akapunguza wafanyakazi. Elia, kijana wa kijiji cha Kinyangiri aliyenifundisha kazi, alikuwa mmoja wao.

Asubuhi hiyo bomba jembamba la mashine ya kromatografia likapasuka. Mashine ile husukuma kimiminika kwa nguvu, ikatenganisha vilivyomo, ndipo tukajua kama mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yana sumu ya ukungu. Mnunuzi alikuwa anasubiri majibu. Tajiri alikwishasema: mashine isipofanya kazi leo, maabara inafungwa, nami nirudi nyumbani. Akaniletea bomba la shaba, la friji, kutoka dukani. Nikashika tupa nianze kulikata.

Elia akaingia kuaga, begi mkononi.

"Asha, weka hilo chini," akasema kwa ukali. "Shaba italiwa na asidi iliyomo kwenye kimiminika. Halafu tundu lake ni pana, vitu vitachanganyikana tena humo ndani. Bomba la chuma cha pua, kisichoshika kutu, lipo kabatini."

"Basi nikatie wewe."

"Nikukatie, na kesho?"

Nikanuna, maana nilikuwa na kiburi wewe acha tu. Lakini nililitoa lile la kabatini, nikalikata mwenyewe. Nilichora mfereji kuzunguka bomba kwa tupa, nikalibana kwa koleo mbili, nikalipinda taratibu huku na huku mpaka likaachia. Nikasawazisha mdomo ukawa bapa, nikahakikisha unga wa chuma haukuziba tundu. Kisha nikalisuuza, maji ya kwanza, yenye unga wa chuma, nikayakinga kikombeni.

Nikwambie ukweli: niliomba lisitakate. Yeye Mkristo, mimi binti wa Kiislamu, baba yangu mwenye duka mjini. Tulipendana na hatukuwahi kusema. Nililisuuza tena na tena ili aendelee kusimama pale. Nje basi la Mwanza, alilokuwa asafiri nalo, likapiga honi.

"Limetakata," akasema polepole. "Unganisha."

Alasiri majibu yakatoka safi, maabara ikabaki. Niligeuka kumwambia kama nilivyozoea, nikakuta kiti chake kitupu; basi lilikwishamchukua. Sikumwona tena. Nina hamu naye hata leo, na uzee huu.

Basi sikiliza, mwanangu. Usichukue kitu kwa kuwa kipo karibu. Uliza kwanza ni nini kitapita ndani yake. Ukikata, usiishie hapo: sawazisha, osha, jaribu. Na mtu akikataa kukufanyia kazi unayoweza kujifunza, usimnunie, huenda anakupenda na muda wake ni mfupi. Mwenyezi Mungu akutulize mikono, akupe riziki ya halali, akujaalie kukaa na umpendaye muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi.