Wakimbiaji wa Pensilvania na Shamba la Mama

Mwaka tulipohamia kijiji kipya Biharamulo, nilikuwa nimetoka Ngara kwa miguu, na mfukoni nina kurasa kumi na moja za kitabu cha Kiingereza. Nilizipata gulioni Kanazi zikiwa zimefungiwa chumvi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini neno nisilolijua huniwasha kama upupu. Nilimsumbua mwalimu wa elimu ya watu wazima mpaka tukazimaliza zote.

Zilieleza jinsi jimbo la Pensilvania, huko Marekani, lilivyoanza. Mwanzilishi wake alikuwa Mwingereza wa dhehebu lisiloshika silaha. Mfalme wake alimpa nchi ile, lakini yeye hakuridhika. Aliwaendea wenyeji, Walenape, wakapatana, akawalipa. Nilimpenda mtu yule! Kisha akafa, na wanawe wakatoa karatasi ya zamani: eti wenyeji walikubali kuacha ardhi kadiri mtu atakavyotembea kwa siku moja na nusu. Wenyeji wakafikiria mwendo wa kawaida, wa mtu anayekaa na kupumzika. Kumbe wale watoto walishafyeka njia, wakaajiri vijana watatu wenye mbio kuliko wote.

Alasiri moja mwalimu aliniruhusu niwasimulie wenzangu darasani. Niliruka huku na huku mbele ya ubao.

"Wawili wakashindwa njiani, wa tatu akafika! Ardhi yote ile ikaenda!"

"Na wenyeji walinyamaza?" akauliza mjane mmoja wa kabila la Wasubi, mama aliyenipa pa kulala.

"Hawakunyamaza, mama. Walisema huko si kutembea, ni kukimbia. Hawakusikilizwa."

Mama aliitazama miguu yangu, kisha akamgeukia jirani yake. "Sisi mashamba yetu yanapimwa na mguu wa nani?"

Darasa likalipuka. Kijijini kwetu ekari ilikuwa hatua sabini kwa sabini. Walio karibu na barabara walipimiwa na katibu, mtu mrefu. Katibu alipoitwa wilayani, kazi ikashikwa na balozi wa nyumba kumi, mtu mwaminifu lakini mfupi. Wote walihesabu sabini, basi hakuna aliyeuliza. Na kesho yake ilikuwa zamu ya mama. Mbele ya shamba lake kulikuwa na kichuguu kikubwa, udongo unaootesha mahindi ya kijani kibichi kama yamepakwa rangi. Kwa hatua za balozi, kichuguu kingebaki nje.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa pale.

"Ndugu mwenyekiti," mama akasema, "mimi nipimiwe na huyu wa Pensilvania."

"Huyu twiga?" Mwenyekiti akacheka. "Atatufikisha Burundi!"

"Waliotangulia walipimiwa na mrefu. Mimi kosa langu nini?"

Watu wakaanza kupiga kelele: kweli, kweli! Mwenyekiti akamtazama balozi. Balozi akanyoosha mkono kwangu. "Pima, ndugu. Mimi miguu niliyopewa ni hii."

Niliazimia kutanua miguu hadi suruali ipasuke, nimpe mama kichuguu kizima na zaidi. Hatua ya kwanza tu, akanifokea.

"Rudi! Unafanya kama wale watoto wa mzungu? Ng'ambo ya kichuguu atalima mwenzangu. Tembea kama unavyokwenda kisimani."

Nikarudi kwa aibu, nikaanza upya. Watu wakanifuata wakihesabu kwa sauti, Kisubi na Kiswahili vimechanganyika. Hamsini. Sitini. Mama alitembea kando yangu, macho kwenye nyayo zangu. Sitini na sita, nikakanyaga mguu wa kichuguu. Nikapanda. Sabini ilinikuta kileleni kabisa, nimesimama juu ya vichwa vya watu, wanawake wakipiga vigelegele.

"Nusu!" mwenyekiti akapaza sauti. "Nusu yako, nusu ya jirani!"

"Nusu ni shamba," mama akasema, akapanda na kigingi chake, akakigonga kwa mpini wa jembe kati ya miguu yangu.

Kabla sijashuka, balozi aliniita kutoka chini. Watu wote aliowapimia yeye walikuwa wamemzunguka, na yeye alikuwa anacheka.

"Shuka, ndugu. Tunaanza tena nyumba ya kwanza."

Tulipima siku tatu.