Mwanafunzi aliyetoboa vibuyu vya Bisil

Saa tatu asubuhi, na Nzembi Mbaluka yuko juu ya ngazi katika sebule ya nyumba mpya ya mawe, nyuma ya soko la mifugo la Bisil. Anashusha mapazia. Ni mapazia ya rangi ya udongo mwekundu, aliyoyashona na kuyatundika mwenyewe, na hayana kasoro yoyote.

Chini yake, mwajiri wake wa muda, Mugo, anashikilia ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

"Mwalimu ameshapita Kajiado," anasema. "Nzembi, wacha hizo pazia, bwana! Zirudishe!"

Nzembi harudishi kitu. Anavuta pini moja, anaitia mdomoni, anavuta nyingine.

Ukimwangalia, huwezi kudhani huyu ni msichana anayengoja mtihani. Nzembi, mwenye umri wa miaka 22, anasomea stashahada ya usanifu wa ndani ya nyumba katika chuo kimoja jijini Nairobi, na leo ndiyo siku ya kukaguliwa mafunzo yake ya kazini, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita atachimenti. Mwalimu humtembelea kila mwanafunzi mara moja tu. Akute chumba kilichokamilika, na mwenye nyumba aseme ameridhika. La sivyo, mwanafunzi hurudia mafunzo mwaka unaofuata, na Desemba hii anabaki nyumbani wenzake wakihitimu.

Na chumba chenyewe, hadi mwandishi huyu anafika, kiko nusu uchi. Ukutani kuna mashimo ya skurubu. Viti vimerundikwa pembeni. Mtu wa kumfariji angekosa pa kuanzia.

Nzembi alilelewa Noonkopir, Kitengela. Mama yake, Evalyne, alitoka Machakos miaka ya tisini mwanzoni kutafuta kazi, na hadi leo anashona suruali katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Waliishi chumba kimoja, na hicho ndicho kilikuwa darasa la kwanza la binti.

"Nilikuwa nahamisha kitanda kila Jumamosi," Nzembi anakumbuka akicheka. "Mama akirudi kutoka kazini anaingia na giza, anagonga mguu. Alinichapa, lakini baadaye alikuwa anauliza, leo umekiweka wapi?"

Mugo ni mtu wa Kirinyaga anayeuza mapazia na kushona viti kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela. Alifungua duka wakati mji huo ulikuwa vumbi na mbuzi. Sasa nyumba za kupanga zinachipuka kama uyoga, na kazi haimwishi. Mwanafunzi wa atachimenti hampi mshahara. Humpa chakula cha mchana, nauli na kelele, na kelele hazipimwi.

Kazi ya Bisil ililetwa na Parmuat, mfanyabiashara wa mifugo. Mzee huyu aliuza ng'ombe wengi kabla kiangazi cha mwaka huu wa 2006 hakijawamaliza wa majirani, akajenga nyumba ya mawe. Mkewe, Mama Simaloi, alikuwa Rombo akimhudumia binti yao aliyejifungua. Parmuat alitaka akirudi akute sebule iko tayari. Ilikuwa zawadi, na nia yake ilikuwa njema.

Nzembi alimuuliza kila kitu. Rangi gani? Viti vitazame wapi? Kila swali lilipata jibu moja: "Weka mzuri."

Akaweka mzuri. Kwa kuwa alifundishwa kwamba nyumba ibebe utamaduni wa mwenyewe, alichagua kile alichokiita mtindo wa Kimaasai. Alishona mito ya viti kwa shuka nyekundu. Kisha akataka vibuyu vya kupamba ukuta. Parmuat alimwonyesha nyumba ya zamani ya udongo, ile ya nyuma ya boma, akamwambia achukue, viko ndani. Nzembi alichagua vitatu vyenye shanga nzuri zaidi. Akavitoboa kwa drili, akavikaza ukutani kwa skurubu, akavipaka vanishi.

"Viling'aa!" anasema. "Nilipiga picha. Haki nilijiona fundi."

Msomaji anayejua Kajiado ameshaanza kushika kichwa.

Mama Simaloi alirudi mwanzoni mwa wiki hii. Nzembi alikuwa mlangoni akimngojea, akainamisha kichwa aguswe utosini, kama kijana anavyosalimiwa na mtu mzima wa hapa. Mama hakukigusa. Macho yake yalikuwa ukutani. Alikwenda akashika kibuyu kimoja, akakivuta, kikakataa kutoka. Akakisogelea, akakinusa.

"Hii imekunywa rangi," alisema. Akatoka, akarudi katika nyumba yake ya udongo, na tangu hapo hajakanyaga ndani ya ile ya mawe.

Kwa Wamaasai, nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye huijenga kwa mikono yake, na yeye ndiye humkaribisha mtu ndani, hata mume. Vibuyu vya maziwa ni vyake pia. Kimoja kati ya vile vitatu, Mama Simaloi alipewa na mama yake mzazi siku alipotoka kwao kuolewa. Kibuyu kilichotobolewa na kupakwa vanishi hakitiwi maziwa tena.

Tulimuuliza Parmuat kwa nini hakusema mapema. Mzee alikuna shingo kwa fimbo yake.

"Mimi niko na ng'ombe," alisema. "Nyumba sina. Huyu msichana aliniuliza rangi, hakuniuliza nyumba ni ya nani. Na hizo vibuyu, nilidhani anaazima." Akatazama kuta zake za mawe. "Sasa mama akikataa kuingia, hii ni stoo."

Mugo alikuwa na ushauri wake. Chumba kiachwe kama kilivyo, mwalimu akione, atie alama, kisha mambo ya mama yasuluhishwe polepole. Mteja ni anayelipa, alisema, na anayelipa ameridhika. Nzembi alikataa. Walibishana dukani mpaka wateja wakatoka.

"Mwalimu ataniuliza mwenye nyumba amesema nini," Nzembi anasema. "Nitajibu nini? Niseme amehamia nyuma kwa sababu yangu? Niliona aibu. Hata kula nilishindwa."

Jana asubuhi alikwenda peke yake hadi nyumba ya udongo, akasimama nje mpaka akaitwa. Njia ya kuingilia nyumba hiyo imepinda, hivi kwamba aliye mlangoni hamwoni aliye ndani. Aliomba msamaha. Mama Simaloi alimwacha amalize, kisha akamuuliza kama kwao hakuna vibuyu.

"Viko, mama."

"Na mama yako hutoboa?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Ndipo Nzembi akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Mama, wewe unataka nini?

Kumbe mama alikuwa na majibu yake tangu msingi unachimbwa, ila hakuna aliyemuuliza. Alitaka kizuizi cha mbao mlangoni. "Mtu akisimama nje anahesabu nyama kwa sahani yangu. Hiyo ni nyumba ama ni hoteli?" Alitaka viti viegemee ukuta. Mito ya shuka iondolewe. "Shuka navaa. Nikalie nguo yangu kwa nini?" Na mapazia alitaka ya pinki, yenye maua ya kumetameta, kama yale aliyoyaona sokoni.

Nzembi anakiri kwamba hapo alitaka kubisha. Pinki ya kumetameta ndicho kitu ambacho darasani kwao huchekwa.

Alinunua kitambaa hicho hicho. Jana usiku kucha alishona Noonkopir, mama yake akimkatia nyuzi. Mugo, aliyekuwa ameapa hatahusika, alitokea leo asubuhi na mbao za kizuizi juu ya pikapu.

"Nilikasirika, ndiyo," anatuambia. "Lakini ningemwacha abebe mbao na nini, punda?"

Saa tatu unusu, gari linasimama nje. Bado mapazia mapya hayajatundikwa wala kizuizi hakijasimama. Maji yamezidi unga.

Bi. Wamaitha Gichuru, mhadhiri, anaingia na faili kwapani. Anatazama madirisha matupu. Anatazama mashimo ukutani.

"Hii ndiyo kazi iliyokamilika?"

"Hapana, mwalimu," Nzembi anajibu. "Ilikuwa imekamilika. Nimeibomoa."

Anaeleza yote, vibuyu na vanishi, bila kujitetea. Bi. Wamaitha anamsikiliza hadi mwisho, kisha anauliza mwenye nyumba ni nani. Parmuat, aliye karibu naye kabisa, ananyoosha mdomo kuelekea nyumba ya udongo.

Mama Simaloi anaitwa. Anakuja taratibu, shanga zikilia, anasimama nje ya mlango. Anaulizwa kama ameridhika na kazi.

"Bado," anasema.

Nzembi anakaa kwenye daraja la chini la ngazi. Mugo anatazama viatu vyake.

Bi. Wamaitha anafunga faili. Anasema kwa upole kwamba anasikitika, lakini hawezi kutia sahihi kazi ambayo haijaisha, na yupo mwanafunzi mwingine anamngoja Namanga. Anageuka kuondoka. Mama Simaloi hampishi njia.

"Unaenda wapi? Hujakunywa chai."

"Asante, mama, lakini niko na haraka."

"Hapa ni kwangu. Mgeni hatoki kwangu na mdomo mkavu." Kisha, juu ya bega la mwalimu, anamtupia jicho yule aliyekaa kwenye ngazi. "Na wewe unangoja nani? Amka!"

Mwandishi huyu amekunywa chai nyingi katika kazi hii, lakini hajawahi kuona chai kama ile. Kwanza hapakuwa na kuni. Mama alikwenda kuzitafuta mwenyewe, akawa anachagua kijiti kimoja kimoja kama mtu anayenunua viazi. Moto ulipowaka, hapakuwa na maziwa. Maziwa yako kwa ng'ombe, mama alieleza, na ng'ombe wako malishoni. Parmuat akatumwa kumleta mmoja, naye akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeelewa kabisa anachotumwa.

Bi. Wamaitha aliketi kwenye kigoda ndani ya nyumba ya udongo. Mara anatazama saa, mara anaulizwa habari za watoto wake, mmoja baada ya mwingine, na masomo yao, na meno yao. Kutoka nyumba ya mawe ilisikika drili, nyundo, na Mugo akimwita Ngai, Mungu wa kwao, kila mbao ilipokataa kunyooka.

Wakati fulani mhadhiri alimwinamia mwandishi huyu. "Mimi nimelelewa Nyeri, na ng'ombe nimekama," alinong'ona. "Najua chai huchukua muda gani. Hii ni ya mwaka mzima." Lakini hakuinuka. Alimpigia simu mwanafunzi wa Namanga, akamwambia angoje.

Ng'ombe alifika. Alikamwa. Chai ilichemka, ikapoa kidogo, ikachemshwa tena. Drili iliponyamaza, ndipo mama alipoona kwamba imeiva.

Anabeba birika mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu avione vile vibuyu ukutani, anaelekea kuingia nyumba ya mawe. Mlangoni anasita. Anazunguka kizuizi. Nzembi amesimama katikati ya chumba na bisibisi mkononi, nywele zimejaa unga wa mbao, na nyuma yake madirisha yamewaka pinki.

Mama Simaloi anaweka birika chini. Anagusa kiti, anakibonyeza, anaketi na mgongo ukutani. Anatazama upande wa mlango kwa muda mrefu. Haonekani kutoka nje, naye anajua haonekani.

"Mwalimu," anaita. "Karibu kwangu."

Nzembi anageukia dirisha na kulia. Hajifichi sana. Bi. Wamaitha anaingia, na Mugo, na mwandishi huyu. Parmuat anangoja nje mpaka mama anapotaja jina lake, ndipo naye anaingia.

Sahihi inatiwa juu ya mkono wa kiti. Mhadhiri anamwambia Nzembi wazi, kwa Kiingereza, kwamba katika rangi atakata alama, kwa sababu mapazia yale yanaumiza macho.

"Anasema nini?" mama anamuuliza mumewe.

"Anasema ni nzuri," Parmuat anajibu. Mzee ameshajifunza.

Si yote yaliyotengenezeka. Vibuyu viwili mama atatia mbegu. Kile cha mama yake amekifunga kwa kitambaa, akakiweka mbali, na hataki kukizungumzia. "Hicho siwezi kukilipa," Nzembi anasema. "Hata nikijenga nyumba mia moja. Nimemwambia hivyo, na hakunikatalia."

Mugo amemwahidi kazi akishahitimu, safari hii yenye mshahara. Ndoto ya Nzembi ni kukodi chumba chake mwenyewe Kitengela, aweke cherehani mbili, na ya pili iwe ya Evalyne, apumzike kiwanda. Lakini kabla ya yote kuna Desemba. Siku ya kuhitimu kila mwanafunzi huruhusiwa wageni wawili. Wa kwanza ni mama yake. Akikusanya vyombo vyake, anajikaza na kumwomba Mama Simaloi awe wa pili.

Mama anafikiri. Anamgeukia mhadhiri.

"Huko chuo, ng'ombe wako karibu?"

"Mama, kwetu maziwa ni ya pakiti," Bi. Wamaitha anajibu, na kicheko kinamtoka.

"Basi nitakuja," anasema Mama Simaloi. "Chai yenu haitachelewa."