Mtandio wa Hooyo Mbele ya Kamera

Miaka minane nilimeza vidonge vya kifafa, na miaka minane niliendelea kuanguka. Mwishowe hooyo, mama yangu, akafunga mzigo, tukapanda basi kutoka Garissa hadi Nairobi, nikalazwa hospitalini ili nianguke mbele ya kamera.

Walinibandika nyaya kichwani kwa gundi, nywele wazi, kamera ikinikodolea jicho kutoka juu ya mlango. Wakanipunguzia dawa. Kazi yangu ilikuwa kulala pale na kungoja balaa, na nakiri nililitamani. Nilitaka mtu mmoja tu mwenye elimu aniambie nina nini.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, likaja. Nilipozinduka, muuguzi alikuwa amekunja uso. Akanionyesha picha: kitandani ulionekana mtandio mweusi wa hooyo ukitikisika, basi. Alikuwa amenifunika gubigubi, kama alivyonifunika sokoni na hata msibani, popote nilipoanguka.

"Mficha uchi hazai, mama," muuguzi alimwambia. "Ukimfunika hatuoni kitu."

"Huyu binti yangu," hooyo akajibu. "Mimi niko hai, halafu watu waone mwili yake hifi?"

Nilimsihi sana. Nilipoanguka mara ya pili aliuma pindo la mtandio akageukia ukutani, na kamera ikaona kila kitu.

Daktari aliketi nasi. Akasema siigizi, kuanguka kwangu ni kwa kweli, lakini si kifafa. Wakati natikisika, ubongo ulikuwa umetulia. Ni dhiki iliyokosa pa kusemewa, na dawa yake ni mazungumzo ya miezi mingi na mtaalamu. Nikamuuliza nitazungumza na nani Garissa. Akaangalia karatasi zake.

Hooyo alikuwa ameacha kusikiliza pale kwenye ubongo uliotulia. Ndani ya basi aliniuliza swali moja tu kwa Kisomali: "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa mzima?" Nilimweleza tangu Thika hadi Mwingi. Nililia, nikaapa.

Wiki iliyofuata nilianguka uani asubuhi, majirani wamekuja kuchukua maziwa. Nilizinduka na vumbi mdomoni, gauni limepanda juu ya magoti, watu wote wakinitazama. Hooyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipolala. Mtandio ulikuwa begani mwake.