Kutafuta Chumba Bila Mume

Mume wangu alipofariki, mwenye nyumba wetu alisubiri matanga yaishe, kisha akasema anakitaka chumba chake. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mwanamke asiye na mume huvuta wanaume uani, na Tunduma hii ina madereva wa malori wengi. Alinipa mwezi mmoja nihame na mabinti zangu wawili.

Dalali alinizungusha siku nne. Kila mlango swali lilikuwa lilelile: "Baba watoto yuko wapi?" Nikisema amefariki, naambiwa chumba kimechukuliwa jana.

Dalali akachoka na mimi. "Mama, sema yuko safarini. Ni dereva, amekwama kwenye foleni ya mpakani na mzigo wa Kongo. Nani atashangaa? Kuna waume wamekwama pale tangu Pasaka!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Tulipokuwa tunakwenda kuona chumba Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, nilikuwa nimekubali kabisa kusema uongo huo. Lakini mama mwenye nyumba, mtu mzima wa kutoka Mbozi, aliponiuliza, nilishindwa. Shati la mwisho la mume wangu nililifunga vifungo mimi mwenyewe.

"Nilimzika mwezi uliopita, mama."

Dalali akatazama pembeni.

Nyumba ile ina desturi yake. Mpangaji mpya haingii mpaka wapangaji wote wakae uani na kupanga upya zamu za kufagia. Wakaitwa. Mwanamke wa chumba cha kwanza hakuzungusha maneno. "Mama, mjane hapana. Wengine humu tuna waume."

Mama mwenye nyumba akamgeukia fundi wa matairi aliyekuwa anatafuna muwa. "Wewe ulipokuja, nilikuuliza mke yuko wapi?"

"Hukuniuliza. Na mpaka leo sina."

"Kuna aliyemwogopa huyu?"

"Huyu?" akasema yule mwanamke. "Huyu hata kuoga tunamkumbusha!"

Uani wote wakacheka, fundi naye akacheka.

"Basi sina sheria ya wanawake na nyingine ya wanaume," mama akasema. "Choo kiwe safi, kodi ilipwe. Mumeo mchunge mwenyewe."

Nikapewa zamu ya Alhamisi. Wanangu walibeba masufuria kutoka Tunduma huku wakiimba, na sikuwanyamazisha.

Alhamisi ya kwanza nilifagia mpaka mlangoni kwa yule mwanamke. Akatoka haraka. "Dada, vumbi! Nimeanika mahindi." Nikageuza ufagio. Kisha akaniuliza kama mabinti wameshakunywa chai.

Sikuwa na kinyongo naye. Zamani, mume wangu akiwa mzima, mjane mmoja aliwahi kuomba chumba uani kwetu. Aliyemkataa kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Nilimweleza jirani yangu hilo palepale, ufagio mkononi, naye akanisogezea kigoda.