Siku Niliyompeleka Mama Mkwe Chepkoilel

Kwetu sisi watu wa mkoa wa magharibi, mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwa mkwewe. Hata nyumba iwe na vyumba vingi namna gani, halali. Hampeani mikono, hamketi pamoja, na mkikutana njiani kila mtu anatafuta upande wake wa barabara. Kwa hivyo mama mkwe wangu alipokuja Eldoret kwa mahafali ya kitindamimba wake, hakuja kwetu mtaa wa Pioneer. Alilala kwa dadake, kijijini Sugoi. Mimi nikapewa kazi ya kwenda kuwachukua wote wawili asubuhi, niwafikishe chuoni Chepkoilel kabla sherehe haijaanza. Mke wangu alikuwa ametangulia kumsaidia mdogo wake na mambo ya joho na nywele.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Siku ya mahafali, kitivo kizima husimama kwa pamoja, kinatajwa, wanavaa kofia, wanaketi. Hapo ndipo alitaka kupiga vigelegele. Alikuwa amemwambia mke wangu kwa simu tena na tena mpaka tukawa tunamtania. "Mimi sitaki chakula, sitaki picha," alisema. "Nataka nimwone akisimama."

Kufika Sugoi, dada mtu amevimba mguu, hata kukanyaga chini hawezi. Huyo dada ndiye angetuongelesha, ndiye angekuwa ukuta kati yetu. Sasa tumebaki wawili. Mama akaingia kiti cha nyuma, kona ya mbali kabisa, akajifunika leso mpaka kidevuni, na shada la maua ya kumetameta la kumvisha binti yake akaliweka mapajani. Mimi nikageuza kioo cha ndani kikaangalia paa, nisije nikamwona. Halafu, ili kimya kisituue, nikafungua redio. Spika za mbele zilikufa zamani, kwa hivyo kwaya yote ilikuwa inamwimbia yeye huko nyuma.

Gari langu ni kuukuu na sipendi mtu aliseme vibaya. Nimelifungua na kulifunga mwenyewe miaka mingi. Juzi tu nilikuwa nimelitia koili mpya, ile inayozipa plagi moto, nikamtambia mke wangu kwamba sasa hilo ni ndege. Ndege, jamani! Hata lami hatujaiona, likakohoa. Likakohoa tena, likazima katikati ya barabara ya vumbi.

Nikapiga stata. Injini inazunguka vizuri, lakini haishiki. Mtu yeyote mwenye gari la zamani anajua hapo ni mambo mawili: ama mafuta hayafiki, ama moto haufiki kwenye plagi. Mafuta nilichomoa mpira nikayaona. Basi ni moto. Na kuangalia moto ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga stata, mwingine anaegemeza plagi kwenye chuma aone kama inatoa cheche.

Lakini nitamwambiaje mama mkwe akalie kiti nilichotoka sasa hivi, bado kina joto la mwili wangu? Thubutu! Nikajaribu peke yangu. Naegemeza plagi, nakimbilia ufunguo, nazungusha, narefusha shingo, boneti imeniziba kila kitu. Narudi. Nafungua kifuniko cha distribyuta inayogawa moto kwa plagi, nasugua, nafunga. Mara linawaka, tunasogea kidogo, linakohoa, linazima. Ile redio nayo ilikuwa inakatikakatika, nikasema ni hivi vilima vinakula mawimbi. Nikaanza kuitukana koili kimoyomoyo, halafu kwa sauti, hadi nikakumbuka ni nani yuko nyuma.

Mtu wa boda akasimama. "Pole, mzee. Si uambie tu mama akupigie stata, wewe uangalie moto?"

"Nani amekuita?" nikamfokea.

"Ah, basi mimi nikupigie."

"Nimesema nani amekuita?"

Hakukasirika. Akaliona lile shada la maua. "Kumbe mnaenda graduation. Basi nimbebe mama, wewe utamfuata. Saa hii wameanza kuingia."

"Hapandi boda!"

Sikumuuliza mama. Nilisema tu, kana kwamba ni gunia langu la mahindi. Nilijiambia ni heshima, mama mkwe wangu hawezi kupanua miguu juu ya pikipiki mbele ya macho yangu. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje. Niliuona. Aliurudisha ndani polepole, akafunga mlango, na yule mtu akaenda zake.

Jua likapanda. Mwishowe mama akashuka, akasimama kando ya barabara akinipa mgongo, akaanza kuongea na shamba la mahindi.

"Mkwe, unisamehe. Mimi mambo ya gari sijui. Lakini hiyo redio inanyamaza kwanza, ndipo gari linakohoa. Ni hivyo tangu tutoke nyumbani."

Nikabaki na spana mkononi. Redio na moto wa injini vyote vinapata umeme kupitia swichi ya ufunguo. Vikikatika pamoja, plagi haina kosa, koili haina kosa. Nikaushika ufunguo nikautikisa: redio kimya. Nikautikisa tena: kwaya ikaimba. Swichi ilikuwa imelika, na mimi nilikuwa nimening'iniza hapo funguo za nyumba, za geti, za duka na za makufuli ambayo hata siyajui, zikiivuta kila tukikanyaga shimo. Nikazitoa zote, nikaukaza ufunguo kwa kipande cha kadibodi. Gari likawaka na halikuzima tena.

"Mbona hukusema mapema, mama?" nikauliza, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi wangu.

"Ulikuwa na hasira," akasema. "Nikaona haya."

Nikakanyaga mafuta hadi Chepkoilel.

Tulipofika, kitivo cha msichana kilikuwa kimeshasimama, kimevaa kofia na kuketi. Tulisubiri nje ya mahema mpaka sherehe ikaisha. Msichana akaja mbio na joho lake, mke wangu nyuma yake.

"Mama, mlikuwa wapi? Niliposimama nilikutafuta kila hema!"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ni mimi, mwanangu. Nilichelewa kuvaa. Maskini mkwe, amenisubiri huko nje mpaka nikamwonea huruma."

"Mama! Siku kama ya leo?" mke wangu akasema. Msichana akacheka huku akifuta machozi.

Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa grisi. Nikaitia mifukoni.

Sasa kila tukikutana huko kwao, Krismasi au Pasaka, lazima mtu aanzishe utani: tunatoka kesho, mwambieni Mama aanze kuvaa leo. Nyumba nzima inacheka, wajukuu wanacheka. Yeye, mama ambaye sijawahi kusikia amechelewa hata kanisani, anacheka nao kule mlangoni mwa jikoni akiangalia chini. Halafu mke wangu hunigeukia, anataka na mimi niongeze langu, maana ni mimi niliyesubiri.

Nami huongeza.